Kabati Lililoliliwa Kichochoroni

Kaka mpendwa Ekundayo,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Liverpool, wewe na wifi Marian na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha kila baridi kinakuacha ulale. Sisi huku ni wazima. Narudia, Kaka, na ninaandika polepole ili nawe usome polepole: sisi sote ni wazima, Mama akiwa wa kwanza. Muda huu yuko uani anagombana na kuku.

Najua ulivyolia. Wifi ameniambia kwamba ulikaa sakafuni na koti lako na ukakataa chai. Msamehe binti wa jirani yetu Bi. Onike aliyekupigia kukupa pole, maana yeye aliambiwa na mama yake, na mama yake aliamini alichokiona kwa macho. Nilipokupigia kukwambia Mama hajafa, ulinikatiza kwa maswali kama mwendesha mashtaka, mara simu ikafa, na tangu hapo kila ujumbe wako unauliza jambo moja tu: Mama amefika kwangu Waterloo au hajafika? Nimeamua kuandika kwa sababu karatasi huwezi kuikatiza. Barua anakuletea Tejan, mpwa wa mchungaji, pamoja na samaki wakavu. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Mama alipoteleza kwenye ngazi za kichochoro msimu wa mvua, ulisema nyumba ile ya mbao si ya mtu wa umri wake, na kwamba mimi nina nyumba Waterloo, nje ya Freetown, mahali tambarare, yenye vyumba vitupu tangu Septimus wangu aliponiacha mjane. Nilikubali palepale, wala sikuomba muda wa kufikiri. Kazi ilikuwa kwa Mama. Kila nilipomgusia habari za kuhama aliniuliza kama nimekula. Nikimgusia tena, anasema Waterloo ni pazuri kwa mtu anayependa vumbi. Hivyo tulikwenda miezi, mpaka Jumapili moja, tukirudi kanisani, akaketi kwenye ngazi katikati ya njia, akashika goti lake, akatazama huko juu nyumbani kwa muda mrefu. Akasema, "Haya. Leteni hao wabebaji wenu. Lakini mtu yeyote wa Kichochoro cha Coker asijue. Sitaki kuagwa. Nikiagwa, sitaondoka." Nikamwahidi. Nilikuwa na furaha hata nikasahau kumwinua.

Nilianza na ile kampuni yenye lori uliyoisisitiza wewe. Lori lilifika chini kwenye barabara kuu, dereva akashuka, akakitazama kichochoro, akacheka. Alisema hapo hata yeye mwenyewe akishiba hapiti. Mwenzake alipanda mpaka nyumbani, akalizunguka kabati la Bibi, lile lenye kioo kirefu, akauliza kama tunaweza kulikata vipande viwili. Mama akamwuliza kama kwao huwa wanawakata bibi zao. Lori likaondoka.

Basi nikashuka sokoni kwa wale wenye mikokoteni, nikampata mtu anayeitwa Santigie, mwenye mabega ya kutosha watu wawili na mdomo wa kutosha watatu. Yeye hupandisha na kushusha vyombo vya watu wa vilimani kwetu, mkokoteni ukisubiri chini. Nilimtajia kabati nikidhani ataniuliza vitu ni vingi kiasi gani, yeye akauliza kuna chakula gani. Nikamwambia mama yangu atapika wali na kisamvu. Akawaita wenzake kwa sauti, akaniambia, "Mama mkubwa, kabati tutalibeba. Kabati la mtu asiyepika ndilo zito." Mama nilipomweleza alicheka mara ya kwanza wiki ile, akampenda kabla hajamwona.

Walikuja asubuhi ya siku ya kazi, wakati watu wengi wa kichochoro wako sokoni. Mama alifunga mlango wa mbele, akaenda jikoni kule uani kumalizia kisamvu chake. Ndani tukabaki mimi na akina Santigie, tukifanya kazi kimyakimya kama wezi. Wenzake walizishusha picha zote ukutani, Baba, Bibi, wewe na kofia yako ya harusi, wakazisimamisha chini zikiwa zimeutazama ukuta, ili mtu asije akapiga teke vioo. Mimi nikachukua shuka nyeupe, nikakifunika kioo cha kabati, kisha nikaona ni afadhali nilizungushie lote. Kaka, mimi niliyezaliwa katika nyumba ile, niliyefanya mambo hayohayo Baba alipofariki na Septimus alipofariki, sikuona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nafikiria mikwaruzo tu.

Lakini Bi. Onike aliona. Unajua dirisha lake linavyotazamana na letu, mtu wa huku anaweza kumkabidhi mtu wa kule sahani bila kunyoosha mkono. Unajua pia kwamba yeye na Mama hawasemezani tangu ule ugomvi wa mfereji wa paa, kwamba maji yetu yanamwagika kwake na kumwozesha mbao. Kutosemezana hakujamzuia kuchungulia. Akachungulia, akaona picha zimegeuziwa ukuta, akaona kioo kimefunikwa. Kwetu mambo hayo hufanywa kwa sababu moja tu. Halafu mlango ukafunguliwa, akaona wanaume wanne wanatoka na kitu kirefu kilichofungwa shuka nyeupe, kimelazwa mabegani, maana kichochoroni kabati halipiti namna nyingine. Akapiga ukelele ambao nadhani uliwafikia mpaka wavuvi baharini.

Sijui watu walitoka wapi. Nilidhani kichochoro ni kitupu, kumbe kila mlango ulikuwa na mtu. Waliokuwa chini wakapanda, waliokuwa juu wakashuka, na akina Santigie wakajikuta wamebanwa katikati, kabati mabegani, hawaendi mbele wala nyuma. Mzee Bankole fundi cherehani alivua kofia, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, mlangoni, napiga kelele kwamba si hivyo, sikilizeni, si hivyo. Wakanionea huruma. Mwanamke mmoja akaniambia, "Lia tu, Iyamide, usijikaze." Bi. Onike akalikumbatia kabati kwa mikono yote miwili, akaligonga kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kupasuka, "Keturah! Keturah, maji ya paa lako na yamwagike kwangu, yamwagike mpaka nyumba nzima ioze, lakini rudi! Nitamnunia nani mimi?"

Hapo ndipo wengine wakaanzisha nyimbo, zile tunazowaimbia wafu kwa makofi na sauti kubwa, ili kama mtu amezimia tu, aamke. Kichochoro kikatetemeka. Santigie, ambaye ni mtu wa msikiti na hana mazoea na mambo yetu ya kanisani, aligeuza shingo akaniambia kwamba amebeba makabati tangu ujana wake lakini hajapata kuona kabati linaliliwa namna hii, na je, kuna kitu ndani?

Mama naye, kule uani, akazisikia nyimbo. Akajua kuna msiba. Akaweka mwiko chini, akafunga kilemba, akatokea njia ya nyuma, akasimama mwisho wa umati akaanza kuimba, ile sauti yake ya pili unayoijua. Aliimba ubeti mzima. Kisha akamgusa Mzee Bankole begani, akamwuliza kwa upole nani amefariki. Mzee Bankole akageuka, akamtazama, akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Wewe."

Siwezi kukueleza kilichofuata kwa mpangilio, kwa sababu hakikuwa na mpangilio. Wengine walikimbia, wengine walimshukuru Mungu kwamba nyimbo zimemwamsha. Bi. Onike alipasua umati, akamshika Mama uso, akampapasa kama anayechagua embe, kisha akavua kandambili akampiga nayo begani. Mama akasema, "Onike, mbona umekonda?" Wakashikana wakalia. Usidhani yamekwisha, Kaka. Kesho yake asubuhi Bi. Onike alitangaza dirishani kwamba maneno ya msibani hayahesabiki na mfereji ule utengenezwe.

Walipotulia wakauliza, kama hakuna maiti, kwa nini picha zimegeuzwa? Na hawa watu wanne wanabeba nini? Nikalazimika kusema. Nikasema Mama anahama, anakuja kukaa kwangu Waterloo. Kaka, nilitegemea watacheka, maana lilikuwa jambo la kucheka. Hakuna aliyecheka. Walimtazama Mama, na Mama akatazama miguu yake. Bi. Onike akavaa kandambili yake taratibu, akasema, "Kufa tungekusamehe, Keturah. Kuhama bila kuaga, hapana." Akarudi ndani kwake akafunga dirisha. Sijawahi kuona dirisha lile limefungwa mchana.

Ndipo Santigie akasema, jasho likimtiririka, "Bibi, samahani, juu au chini? Bega langu si ukuta." Mama alinielekezea kidevu. Alisema, "Muulize huyo, ndiye aliyewakodi." Hakusema kwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nimeshika kitu kisicho changu, akisubiri nikirudishe mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile unalotaka kulijua, nami nakuomba ukae. Nilisema juu. Walilirudisha kabati mahali pake, wakazirudisha picha ukutani, wakala kisamvu, na kichochoro kizima kikala nao kwa sababu watu walishakuja na msiba haukuwepo. Mama hajafika Waterloo. Hatafika.

Najua unachotaka kusema, kwamba nimemwachia mama yetu ngazi zimuue. La. Jumamosi iliyofuata nilimkodi Santigie tena, na safari hii mkokoteni ulitoka Waterloo ukiwa na kitanda changu, cherehani yangu na masanduku yangu, na wao wakavipandisha kimoja kimoja mpaka huku. Nyumba ya Waterloo nimempangisha mwalimu mmoja na mkewe. Nimehamia kwa Mama, Kaka. Naandika barua hii kwenye meza uliyokuwa ukifanyia hesabu zako za shule. Jumapili Santigie na mwenzake wanamshusha Mama kwenye kiti mpaka barabarani, amevaa kofia yake ya kanisani, anapungia watu kama chifu, na baada ya ibada wanampandisha.

Na kuna jambo ambalo sikukwambia, wala sikujiambia mwenyewe mpaka nilipoulizwa juu au chini mbele ya watu wote wale. Wewe ulitaka Mama ahame kwa ajili ya goti lake. Mimi nilimtaka kwa ajili yangu. Tangu Septimus afariki nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kwa sababu meza ilikuwa inanitisha. Nilikuwa naacha redio inazungumza hata nikiwa sisikilizi. Barabara yetu ya Waterloo ni pana, malori mawili yanapishana, na niliumwa homa nikalala ndani mpaka ikapona yenyewe bila mtu kubisha hodi. Sikukwambia kwa sababu wewe uko mbali na ungehangaika, na kwa sababu niliona aibu, mwanamke mzima kama mimi kumlilia mama. Kwa hiyo nikalishika goti lake, nikalifanya ndilo sababu. Nilikuwa tayari kumng'oa Mama kwa watu wanaoweza kulia hivyo juu ya kabati, ili mimi nipate mtu wa kuniuliza kama nimekula. Mama alijua. Naamini alikubali kuhama kwa sababu alijua. Alikuwa anakuja kunitunza.

Sasa anawaambia watu kanisani kwamba amenichukua nikae naye kwa kuwa siwezi kukaa peke yangu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Sasa namwacha.

Juzi nilichelewa kurudi kutoka mjini, giza likaanza kuingia nikiwa bado napanda ngazi. Mzee Bankole akaniuliza nilikuwa wapi. Mke wake akaniuliza nilikuwa wapi. Mlango uliofuata, na uliofuata, na Bi. Onike dirishani mwake, mdomo umejaa chakula, akaniuliza nilikuwa wapi saa hizi na mama yangu hajala ananisubiri. Miguu iliniuma na mizigo ilikuwa mizito, Kaka, lakini nilisimama kila mlango nikajibu.

Basi usikasirike sana, na kama utakasirika, kasirika kwa barua, nitaisoma kwa sauti kichochoro kizima kikusikie. Mama anakusalimu, anauliza kama umekula. Mzee Bankole anakusalimu na anasema ukija ulete vipimo vyako, maana amesikia umenenepa. Msalimie wifi Marian, waambie watoto shangazi yao anawapenda wote. Mungu akulinde huko ulipo.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Iyamide
Kichochoro cha Coker, Freetown