Nimewaambia Unaomba Maji

Kwako Baba, mwalimu wa biolojia,

Neno "mpendwa" nimeliacha kwa makusudi. Ulinifundisha mwenyewe kwamba kisichoonekana wala kupimika hakiandikwi kwenye majibu.

Unakikumbuka kile kilima cha shule, Iringa, na nyumba ya mwalimu ya mwisho kwenye safu, yenye mlango wa kijani? Jumamosi ulikuwa unanipakia mbele kwenye pikipiki yako, tunashuka bondeni kutafuta ndege. Darubini ulinivika mimi shingoni, ikawa inanigonga kifuani kama kengele ya ng'ombe. Siku moja nikauliza yule ndege mwekundu anaishi wapi, ukazima pikipiki ili unisahihishe.

"Watu wanaishi, binti. Ndege ana makazi. Uliza makazi yake yako wapi."

Kiswahili chako kilikuwa kimenyooka kama suruali yako ya kaki. Wanafunzi walikuwa wanakuiga nyuma ya madarasa, mimi najivuna. Hakuna mtoto mwingine pale Kihesa aliyejua kwamba mnyama ukimwondolea makazi umeshamuua, kinachobaki ni kusubiri tu. Maneno yako hayo. Niliyakariri kabla sijajua yanahusu nini.

Nilikuwa na miaka minane, darasa la pili, mkataba wako ulipokwisha. Ulisema unakwenda kwenu, kusini mwa Uhindi, kumwangalia bibi, anaumwa, utarudi mvua zikikatika. Sasa nyumba ya mwalimu ni ya mwalimu. Mwalimu hayupo, na nyumba hakuna. Mwezi haukuisha, mimi na mama tukawa kwenye chumba cha uani nyuma ya mashine ya kusaga, unga unatuingia mpaka kwenye kope. Watoto wa pale walinipa jina siku ya kwanza. "Mhindi koko, baba yako yuko wapi?" Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nawajibu: yuko kwenye hifadhi.

Kwa sababu ulituma kanda. Hukutuma ada, hukutuma hata kitambaa cha sare. Kanda za kaseti, tano. Jirani mwenye radio alituita, mama akaacha cherehani, akajifuta mikono, tukaketi kama watu wanaosubiri matangazo ya vifo. Sauti yako ikatoka. Hukuuliza habari za nyumbani. Ulianza moja kwa moja na Wayanad, hifadhi ya huko kwenu.

Nakiri ulielezea vizuri. Hifadhi nne za majimbo matatu, Wayanad, Bandipur, Nagarahole na Mudumalai, zimeegemeana bega kwa bega, na tembo wanavuka kutoka hii kwenda ile bila kuulizwa pasi, kiangazi kikikaza wanateremka kufuata maji ya mto Kabini. Ukasimulia nyati wa huko, mweusi, mkubwa kuliko wa kwetu, anayeonekana kama amevaa soksi nyeupe. Kanda ya pili ilikuwa Periyar, ziwa lenye miti iliyokufa imesimama majini tangu bonde lilipofurika, na mnandi amekaa juu ya kila kisiki anaanika mabawa. Ya tatu ulikwenda lile Bonde la Kimya, ambako wanasema hata nyenje hawalii, ukakaa pale na kima weusi wenye mkia kama wa simba. Tulisikia ukiwahesabu. Mama alivumilia mpaka upande wa pili ukaisha, halafu akanigeukia.

"Mshukuru Mungu, mwanangu. Kima wa baba yako hawajambo."

Jirani alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka.

Ya nne nitakusamehe kila kitu ila hiyo. Uliongelea hondohondo, yule mkubwa wa kwenye misitu ya Anamalai. Ukaeleza jinsi jike anavyojifungia ndani ya tundu la mti, anaziba mlango, anaacha ufa mdogo wa kupitisha mdomo. Na dume ndiye anayeruka msitu mzima kutafuta matunda, anawalisha mke na kinda kupitia ule ufa. Dume akifa, ulisema, kwa ile sauti yako ya ubaoni, walioko ndani wana hatari ya kufa wote. Kwa hiyo dume hakosi. Siku hiyo tulikuwa tumekunywa uji usio na sukari. Mama aliinuka, akabonyeza kitufe, akamuuliza jirani kama mtu huyu ana akili timamu au waganga wa huko misituni wamempa kitu.

Kwenye ya tano uliahidi. Milima ya juu kule Eravikulam, wanakojichunga mbuzi mwitu bila mchungaji, kuna ua la buluu linalochanua mara moja kila miaka kumi na miwili, mlima wote unageuka rangi. "Likichanua, nitakuja kukuchukua ulione." Basi. Kanda ikaisha, na wewe ukaisha.

Mimi hesabu sikukosa hata moja, uliyaangalia madaftari yangu mwenyewe. Ua hilo limechanua mara tatu tangu ulipoahidi. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari, na nguo zangu nilizifua zote nikazikunja, nakusubiri. Mara ya pili nilikuwa huku ng'ambo kwenye theluji, Crescent Town, nagawana kitanda na mwanamke wa Bujumbura, yeye analala mchana mimi usiku, maana tulikuwa tunafanya zamu tofauti za kuosha wazee. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafungua kampuni yangu ya wahudumu wa majumbani na nimenunua nyumba Pickering, kwa mikono hii, bila mjomba wala shangazi. Ua halijachelewa. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili.

Mama alikufa kati ya la kwanza na la pili.

Sasa tuje huku. Kabla theluji ya kwanza haijaanguka alinipigia simu bwana mmoja wa Agincourt. Akasema baba yake kapata kiharusi, na tangu hapo Kiingereza kimemtoka na lugha ya nyumbani imemtoka, amebaki na lugha moja wasiyoielewa. Mkenya wa dukani kwao alimsikia, akawaambia hicho ni Kiswahili. Daktari kawaambia hutokea, mara chache, lugha zikibomoka hazifuati foleni. Je, nina mhudumu anayejua Kiswahili? Nina wahudumu thelathini na wanne, Baba. Kumi na tisa wanakijua. Nikamuuliza mzee alikijulia wapi. Akasema alifundisha Afrika zamani, mji unaitwa Iringa.

Niliagana naye kwa heshima. Nikaketi kwenye kiti cha ofisini nikiwa na koti langu, kipasha joto cha jengo kinawaka.

Nilimtuma kwanza Maman Furaha, mama mzima wa Uvira, mkono wake mwepesi. Alirudi anacheka.

"Mama, ule muzee anasema Kiswahili ya mu kitabu. Anataja ndege zenye mimi sijaona tangu nizaliwe. Na ananifundisha kusema shikamoo. Mimi, na mvi zangu zote hizi."

Alikupenda. Alisema unashukuru kwa kila kijiko. Nikamwambia Jumamosi apumzike, nitakwenda mwenyewe.

Mwanao Binu, yule bwana wa simu, alinifungulia mlango. Mtu mpole, kipara chako, meno yako. Akanipa chai, akanionyesha picha ya alikozaliwa, akanitajia umri wake bila kuulizwa, kama watu wanavyofanya wakiwa na wasiwasi. Nimempita miaka mitatu. Nane ukitoa tatu, Mwalimu. Ulipoondoka Iringa kwenda kumwangalia bibi mgonjwa, kijana huyu alikuwa na miaka mitano. Ndipo nikaikumbuka likizo yako ile ndefu nikiwa mchanga, aliyozoea kunisimulia mama, uliporudi na mfuko wa ndizi zilizokaangwa kwenye mafuta ya nazi, mama akawa ananigawia kidogo kidogo zisiishe. Kumbe nilikuwa nakula za harusi yako.

Ulikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala kama si wako. Nikakuamkia. Ukaitikia marahaba, ukanitazama kwa lile jicho la kukagua sare.

"Uko kidato cha ngapi?"

"Darasa la pili."

"Mdogo hivyo? Umekujaje huku juu?"

Nikakuambia nimekuja kwa miguu. Ukakubali. Ukaniambia nikutajie makazi ya tembo, na mimi, mwanamke mwenye wafanyakazi thelathini na wanne, nikasimama mikono nyuma nikataja Wayanad, Mudumalai, Periyar. Ukasema vizuri, kaa. Halafu ukaanza, na hukunyamaza. Ukanitembeza Parambikulam kwenye mitiki ya kale ambayo watu kadhaa wakishikana mikono hawaizunguki. Ukanionyesha mbwa mwitu wekundu wanavyoitana kwa mluzi kwenye ukungu. Ukasema chui-milia hasikiki, kinachosikika ni paa kunyamaza. Sijawahi kusikia mtu anaongea hivyo kuhusu mahali. Mdomo umepinda nusu, na msitu wote unatoka bila kuvunjika jani.

Binu alikuwa amesimama nyuma yangu na simu mkononi, anarekodi. Aliniambia tangu uliporudi kutoka Afrika wewe ulikuwa misituni, yeye akalelewa na bibi mjini, anakuona mara mbili kwa mwaka ukirudi na viatu vya matope. Hajawahi kujua ulikuwa unatafuta nini huko. Akaniomba, sauti imemkauka, nimtafsirie hata kidogo.

"Anaomba maji," nikamwambia.

Akaenda mbio kuyaleta. Ukanywa kwa mrija, ukaendelea na mbwa mwitu wako. Akauliza tena, nikasema sasa anasikia baridi. Akaongeza blanketi. Mchana ule misitu yote ya kusini ilipita sebuleni kwake, na mtoto wa mtu aliambulia maji na blanketi. Alikuwa na wewe mara mbili kwa mwaka. Mimi nilikuwa na kanda tano. Simuonei huruma, ila nimemwona ni ndugu yangu kwa jambo hilo.

Nitakuambia ukweli, maana huwezi kumwambia mtu. Nilikuja nimejiandaa kusamehe. Nilikuwa nimeshapanga nani atakuja siku gani, chumba cha chini Pickering kina bafu la kiti cha magurudumu, na nimefika hata kuwaza tutakula nini. Palibaki swali moja tu, na nililisubirisha mpaka umechoka kidogo, ili lisiwe mtego.

"Mwalimu, una watoto?"

Ukatazama mlango.

"Mmoja," ukasema. "Wa kiume."

Daktari atasema ni ubongo. Mimi nimelisha, nimeogesha na nimegeuza wazee kuliko daktari huyo alivyowaandikia dawa, na namjua aliyesahau na namjua anayeficha. Aliyesahau hatazami mlango. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa anaelewa neno lako ila mimi, na bado ulihakikisha kwanza hakuna anayesikia. Hiyo ndiyo sehemu ya ubongo wako ambayo kiharusi hakijaigusa.

Nilikukunjia blanketi. Nilikuosha uso kwa kitambaa cha vuguvugu, nyuma ya masikio pia, kama ninavyowafundisha wafanyakazi wangu. Binu alinisindikiza mpaka chini, akaniuliza kama anaweza kupata mwenye Kiswahili kila siku, hata saa chache, kwa sababu tangu Maman Furaha aanze kuja unalala vizuri na hugongi ukuta. Nikamwambia nitaangalia.

Nimeshaangalia. Maman Furaha nimempangia bibi mmoja wa Scarborough. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni na kofia yake ya sufu.

"Mama, ule muzee amekukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea, hanijui.

"Basi umuonee huruma. Mutu bila mwenye kumusikia ni kama amekwisha kuzikwa."

Nikamwambia bibi wa Scarborough anapenda ugali laini, amuwahi.

Binu nimempigia. Nimemwambia wenye Kiswahili wamekwisha, wote wamejaa, labda wakati wa kiangazi. Aliniamini, akanishukuru. Ana adabu, hiyo hakuitoa kwako.

Jumatatu atakuja mwanamke mwingine, asiyejua Kiswahili hata neno. Ni mzuri, Baba, sikutumi mtu mbovu. Jina la kampuni ni langu. Atakuogesha, atakupaka mafuta visiginoni, atakugeuza ubavu usipate vidonda. Utamwambia habari za Periyar, naye atakupangusa mate. Utamuuliza yuko kidato cha ngapi, atakutabasamia. Siku ukichoka kutazama mlango, ukataka kulitaja jina la mtoto wa Iringa, utalitaja vizuri, kwa matamshi yako yaliyonyooka, na atakwenda kukuletea maji.

Kaa salama na misitu yako, Mwalimu.

Mimi mtoto wako wa kwanza,
wa kike.