Nyumba ya Chuma ya Gavana

Maputo, Jumatano saa tano asubuhi

Mama Zamzam wangu, salaam aleikum,

Uliponiuliza kwenye simu kwa nini nimemsimamisha fundi kule Burat, nilisingizia mtandao mbovu nikakata. Sababu yenyewe ni hiyo picha upande wa pili wa kadi hii. Ni nyumba ya chuma tupu, kuta mpaka paa, ambayo Wareno waliileta kwa meli kutoka Ulaya ili gavana wao akae ndani. Haikukalika kwa joto.

Mlinzi wake ametoka kaskazini, anajua Kiswahili. Nilimwambia kwa maringo kwamba mimi pia najenga chumba cha mabati pande zote, maana mchwa hawali mabati na kazi inaisha kwa siku tatu.

"Atalala nani humo?" akauliza.

"Mama mkwe. Anahamia kwetu kutoka Kinna."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta, halafu akaruka, ukuta umemchoma. "Bwana wewe, kama humtaki si umwambie tu!"

Nikaweka kiganja pale pale nikaanza kuhesabu. Sikupita nne.

Basi tutajenga kwa mawe, kama ulivyosema tangu mwanzo, na dirisha litazame upande wa upepo. Mama akiuliza nani alibadilisha mpango, sema ni mkwe wake, kwa mapenzi.

Nimechoka na samaki, niwekee nyama yetu ya nyirinyiri. Wabusu watoto, na kadi hii uifiche kabla mama hajafika. Anajua kusoma.

Mumeo,
Abdi