Taja Majina, Mama Yasmini

Mama Yasmini, mwangaluka.

Nimekusalimia Kisukuma makusudi. Najua huko uliko wapo waliokutazama nywele na pua wakakusalimia kwa Kihindi, nawe ukawajibu "mwangaluka" kwa ile lafudhi yako ya Usukumani, ya Ushetu, wakababaika. Natamani ningekuwepo nione nyuso zao.

Nakuandikia kwenye daftari la vipimo, kwa hiyo usishangae ukikuta kiuno cha mke wa mchungaji juu ya barua yako. Ni asubuhi, Yasmini hajafungua duka. Nimekaa kibarazani, cherehani ipo palepale ulipoonyesha iwekwe mwaka ule nilipokuja Segese kuomba kivuli cha kushonea. Tulipokuzika watu waliniambia nitazoea. Sijazoea. Jora likianguka huko ndani bado nageuka nikuite.

Habari za dukani ni nzuri. Yasmini amenunua masanamu mawili ya kuvalisha nguo, meupe kama unga wa muhogo, nami nimeyashonea vitenge. Juzi mama mmoja kutoka Bugarama aliyatazama weee, akatikisa kichwa, akasema Wazungu hawajui kuvaa kitenge. Ulimi uliniwasha, nikamwambia ataje majina. Akanyoosha kidole akasema, "Huyu wa kushoto."

Ungecheka mpaka ukae chini. Lakini neno lako hilo hilo ndilo lililoniumbua, na ndiyo sababu ya barua hii. Nimekukosea, mwenzangu. Nimekukosea mbele za watu, tena kwa spika.

Kabla sijasema nilivyokosa, nikukumbushe sheria ilikotoka, maana kosa langu ni kubwa zaidi kwa mtu aliyekuwepo siku sheria inazaliwa. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilimaliza zile sare za shule siku ileile niliyoahidi, ukazigeuza pindo moja moja, ukaniambia, "Mama Kulwa, wewe si kama Wasukuma wengine." Jamani, nilivyofurahi! Nilitembea na sifa ile mpaka kijijini kwa mama yangu. Nilimkuta anakata viazi vya michembe, vya kuanika juani, nikamweleza kwa madaha. Mama hakuacha kukata. Akasema, "Wengine ni akina nani, ng'wanangu? Mimi?"

Nilirudi nikakuambia alichosema. Uliingia ndani, ukatoka na chai ya rangi iliyochemka mpaka imekuwa nyeusi, ukainywa mbele yangu bila sukari, yote. Ulikunja uso mpaka macho yakapotea. Kisha ukasema kuanzia leo kwenye kibaraza hiki atakayesema kabila zima atalitaja kwa majina, watu kumi, na asipofika kumi atakunywa kama ulivyokunywa wewe.

Hakuna aliyewahi kufika. Katekista wetu ndiye aliyekaribia, alifika tisa, wa kumi akamtaja mara mbili. Mimi nilisema siku moja kwamba wachimbaji wote ni waongo, nawe bila kuinua macho kwenye mkasi ukasema, "Taja majina." Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la mwanangu Doto, anayeshuka duarani, kwenye shimo la machimbo, kila siku kutafuta dhahabu na kila wiki ananiambia mwamba umekaribia. Nilichukua kikombe mwenyewe.

Na yule mfanyabiashara wa majora wa Dar es Salaam! Miaka miwili mnaongea kwa simu tu, anakuita "mama yangu wa Kisukuma", na kila simu lazima awaseme Wahindi, jinsi wasivyoongeza hata upana wa kidole wakikupimia kitambaa. Nawe unaitikia tu, ehee, ehee. Siku aliyokuja na mzigo alikupita mlangoni, akakugeukia: "Samahani dada, namtafuta Mama Yasmini, yule Msukuma." Ukamjibu kwa sauti ileile ya simu. Maskini, alikunywa vikombe viwili, na cha pili hakuna aliyemlazimisha.

Lakini kuna siku hukucheka. Kila mteja ulimwongezea shubiri moja ya kitambaa. Wakawa wanasema Mhindi akiongeza ujue kitambaa kina kasoro. Ukaacha kuongeza kwa wiki moja, wakasema si ndiyo hao, Mhindi na ubahili. Wakati huo ndugu yetu wa duka la pili, Msukuma mwenzangu, hakuwahi kuongeza hata ukucha tangu afungue, naye walimsifu kwamba ana msimamo. Ulisimama na mkasi juu ya kitambaa ukaniuliza, "Sasa Mama Kulwa, nikate wapi?" Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano.

Mimi mwenyewe sikuwa malaika. Zile video za kuigiza lafudhi yetu zilipoingia kwenye simu nilikuwa nafoka mpaka cherehani inasimama. Haipiti robo saa nakusimulia kisa cha Mhindi na yai, nikicheka peke yangu. Ukaniuliza, cha kwako kinauma, cha kwangu kinachekesha? Nikasema cha kwangu ni utani tu. Ukasema sawa, basi kisimulie tena, weka Msukuma. Nilikisimulia. Kilikuwa kibaya sana, hakina hata mwisho.

Basi sasa usikie. Siku ya arobaini yako Yasmini aliniomba niseme maneno mawili baada ya dua. Watu walijaa mpaka barabarani, wengine kutoka Kahama na Shinyanga, nami nikaazima spika ya kwaya yetu ili hata wanaume kule nje chini ya turubai wasikie. Nilivaa lile gauni la bluu ulilosema linanipunguza. Nikaanza vizuri. Nilisema ulivyonipokea, ulivyokuwa ukiongeza shubiri, ulivyokuja kijijini kumzika mama yangu ukalala kwenye mkeka na sisi. Watu wakaanza kufuta machozi. Nilipoona machozi nikanogewa, Mama Yasmini, nikataka kumalizia kwa kishindo. Nikasema, "Huyu mama hakuwa kama Wahindi wengine."

Kwa spika. Nadhani walisikia mpaka stendi.

Mbele yangu kabisa walikuwa wamekaa hao Wahindi wengine: Yasmini, shangazi yake Gulshani, na majirani waliopika tangu alfajiri, wengine bado wameshika sahani za sambusa za kutugawia sisi. Nikakusikia kichwani, wazi kabisa, "Taja majina." Nikajaribu kurekebisha. Nikasema, yaani si kwamba ninyi ni wabaya. Nikaona nimezidisha. Nikasema, wapo na wazuri. Mungu wangu. Mke wa katekista akanivuta gauni nikae, nikakaa, na maiki ikiwa bado mkononi, hivyo watu wote wakanisikia nikisema, "Nimeharibu."

Baba Yasmini alikuja jioni kunishukuru, mwanaume muungwana yule. Alisema tu, "Mama Kulwa, spika ilikuwa nzuri sana."

Yasmini hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kesho yake alifungua duka, akanisalimia kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Mama Kulwa."

Mama Kulwa! Mtoto niliyembeba mgongoni wewe ukiwa na malaria, niliyemshonea sare ya kwanza, ambaye tangu ajue kusema hajawahi kuniita kitu kingine ila mama mdogo. Sasa ananiita kama wanavyoniita wateja. Nikaitikia marahaba, nikainama kwenye cherehani, nikashona mkono wa blauzi ya mtu ndani nje. Siku ya pili hivyo hivyo, Mama Kulwa chai hii hapa, Mama Kulwa naomba pasi. Chai ilikuwa na sukari, maziwa na tangawizi, ilikuwa tamu, nami nikaiacha ipoe. Nilifiwa nawe mara ya pili, rafiki yangu. Mara ya kwanza Mungu alikuchukua. Mara hii nilijifukuza mwenyewe.

Niliumia siku nyingi nikijitetea. Nilijiambia nilikuwa nakusifu. Nilikuwa nakusifu kweli! Lakini kila nikifika hapo namwona mama yangu na kisu chake na viazi vyake, anauliza wengine ni akina nani. Nilikuwa nimekunyanyua kwa kuwakanyaga wanao, na nilikuwa nimekaa kibarazani kwako miaka yote hiyo nikiwanywesha wengine chai.

Jumatatu iliyopita nilichemsha chupa nzima ya chai ya rangi, nyeusi tii, nikachukua kile kikombe chako cha bati chenye ua jekundu, nikaingia dukani kabla ya wateja. Yasmini alikuwa nyuma ya meza amekunja mikono. Nikamwambia nimekuja kutaja majina.

Nikamimina cha kwanza. Nikasema hiki ni cha Yasmini, anayejifanya mkali na kulia akiona kuku anachinjwa. Nikanywa. Cha pili, shangazi Gulshani, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Nikanywa. Cha tatu, Mama Karimu wa duka la dawa, anayekueleza ugonjwa mpaka unapona bila kumeza kitu. Cha nne, Bibi Zebunisa, na hapo sikusema uongo, yule bibi mkono wake ni mgumu kweli. Nikaona Yasmini anauma mdomo asicheke. Cha tano, binti yake huyo Bibi, anayegawa vitu mpaka mama yake anatembea na funguo za kabati shingoni. Nilipokimaliza nikagundua mambo mawili. Kwanza, katika hao watano sina hata wawili wanaofanana. Pili, tumbo langu limeanza kunguruma kama mashine ya kukoboa.

Nikamimina cha sita. Yasmini akanyoosha mkono akaninyang'anya. Akanywa nusu kwa mkupuo mmoja, akakunja uso mpaka macho yakapotea, na nilikuona wewe, Mama Yasmini, nakuapia, nilikuona wewe umesimama pale.

Akasema, "Hiki ni changu." Akasema siku ile ya arobaini, jioni, alimwambia shangazi yake, ndivyo walivyo hao Waswahili, utakaa nao miaka, mwisho watakuonyesha wewe ni nani kwao.

Iliniuma. Sitakuficha, iliniuma kuliko chai. Nikatamani kutoka. Kisha nikamwambia, "Taja majina."

Akafikiri. Macho yakamjaa. Akasema, "Nilikuwa na moja tu, mama mdogo."

Tulilia hapo katikati ya majora kama watu waliopewa habari ya msiba upya, na labda ndiyo kwanza tulikuwa tunakulilia pamoja. Ningependa kukuambia tulikumbatiana sana, lakini vikombe vitano ni vikombe vitano, niliomba ruhusa nikakimbilia chooni. Niliporudi alikuwa amemaliza kile cha sita na anatafuta sukari ya kujipoza ulimi. Vikombe vinne vilivyobaki ananidai, anasema nitavinywa kwa awamu.

Kikombe sasa kinaning'inia msumarini juu ya cherehani. Jana mteja alisema vijana wa siku hizi wote ni wavivu. Tulimwangalia wote wawili kwa wakati mmoja, maskini akauliza amekosa nini.

Nisikuchoshe, wateja wanaanza kupita. Pumzika, mwenzangu, umefanya kazi ya kutosha ya kutunyoosha. Nakuahidi jambo moja. Watu wakiniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, sitakupima tena kwa kukuweka kando ya mtu mwingine. Nitasema, aliongeza shubiri. Kama hawataelewa, basi hawajawahi kununua kitambaa.

Na huko uliko, ukimsikia mtu anasema watu wa duniani wote ndivyo walivyo, usiinue hata macho, mwambie ataje majina. Najua la kwanza litakuwa langu. Hayo mengine tisa ayatafute mwenyewe.

Namsikia Yasmini anafungua kufuli. Ananiita.

Asante, Mama Yasmini. Wabeja sana.

Ni mimi,
mama mdogo wa Yasmini.