Nyama ya Mkwe Niliyoikataa Seoul

Salome anaolewa. Baba Salome, umesikia? Binti yako anaolewa, tena anaolewa na Mkorea, na mimi mwenyewe nimekwenda mpaka Seoul nikamwona kwa macho yangu, na nimerudi.

Haya, sasa nikusalimie. Sijui mtu aliyelala mahali ulipolala wewe anasalimiwaje, kwa hiyo nakusemesha tu kama ulivyokuwa ukitoka zamu: umeamkaje, baba? Mimi sijambo. Miguu ndiyo ile ile. Kazi ndiyo ile ile ya usafi uwanja wa ndege, ila sasa wamenipa upande wa wasafiri wa mbali, na wageni wa kazi wanaletwa kwangu niwaonyeshe namna ya kuiendesha ile mashine ya kuoshea sakafu. Msimamizi alisema mbele ya watu kwamba upande wangu unang'aa. Siku hiyo nilifika hapa Norsborg, pembeni hii ya Stockholm, nikafungua mlango, nikaita "Baba Salome" kabla hata sijavua viatu. Halafu nikakaa pale pale mlangoni na koti langu.

Nyumba imekuwa kubwa. Vyumba ni vile vile viwili na jiko, lakini imekuwa kubwa. Bado nasonga ugali wa watu watatu, sijui mkono wangu utajifunza lini. Jumapili nikitoka kanisani Salome ananipigia kwa video, kwake usiku umeshaingia, basi namwegemeza kwenye kopo la sukari, nakula naye anatazama. Akikata simu natazama kopo.

Basi akanitumia tiketi. Kwa mshahara wake mwenyewe, Baba Salome. Mtoto wa mpakia mizigo na mfagiaji, leo anatengeneza betri za magari kwenye kampuni ya watu wakubwa huko, na Kikorea anakizungumza mpaka wenyewe wanageuka kuangalia nani kasema. Nilipita pale uwanjani na sanduku langu kama abiria, wenzangu wa zamu wamesimama wameegemea mafagio wananipungia. Nikawaambia waangalie wasiniharibie sakafu.

Anakaa mtaa uitwao Haebangchon. Anasema maana yake ni kijiji cha ukombozi, kwamba watu waliokimbia vita ndio waliojijengea pale mlimani kwa chochote walichookota. Nikamfikiria Mama Chantal, jirani yetu Mrundi wa ghorofa ya chini, nikasema huyu angepaelewa mahali hapa kabla hajafungua mzigo. Ni ngazi juu ya ngazi. Chumba cha Salome ni kimoja tu, mlango unafungukia kwenye ngazi za nje, na kutoka hapo unauona mji wote chini, hauna mwisho.

Unakumbuka Jumamosi zenu? Wewe na yeye mnapanda treni mpaka mwisho wa laini, leo Hjulsta, wiki ijayo kwingine, mnatembea tu mitaani, mnarudi jioni na viatu vya matope. Nilikuwa nawauliza Hjulsta kuna nini ambacho hapa kwetu hakipo, nawe unasema, "Kuna Hjulsta." Sikuwahi kwenda nanyi hata mara moja. Sasa nimekwenda, Baba Salome. Kila siku mtaa mmoja, hivyo hivyo kwa mtindo wako, na kweli mtaa mmoja haufanani na mwenzake. Tulikwenda Bukchon, kwenye nyumba za zamani zenye mapaa ya vigae yaliyobinuka pembeni, na kuna vibao vinavyoomba wageni washushe sauti kwa sababu watu wanaishi mle ndani. Mimi na sauti yangu hii. Salome ananivuta mkono, "Mamma, sluta," ndiyo kusema niache, nami namwambia nasifia tu, mtu hakatazwi kusifia. Tulikwenda Hongdae, vijana wanacheza ngoma zao barabarani, watu wamewazunguka, hakuna anayewafukuza. Tulikwenda Seongsu, mafundi viatu wanagonga nyundo humu, na ukuta wa pili, kwenye kiwanda cha zamani, watu wamevaa vizuri wanakunywa kahawa.

Salome anatembea kama wewe. Haulizi njia mpaka apotee kabisa, na harudi kwa njia aliyojia. Mikono nyuma, shingo juu. Nilikuwa namfuata nyuma kwa hatua chache ili nimtazame vizuri, halafu nageuka pembeni nikuambie, tazama mwanao. Pembeni watu wamejaa. Mji wa watu wengi vile, na mimi sikuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Kijana anaitwa Jihun. Mrefu, mpole, ana miwani. Alipokuja kunisalimia mara ya kwanza aliinama mpaka nikadhani kaangusha kitu, kisha akasema "Shikamoo, Mama." Salome kamfundisha. Nikaitika marahaba, na moyo wangu ukakaa vizuri. Jioni yake wakanipeleka kwenye nyumba ya nyama choma. Kule jiko la mkaa limo katikati ya meza yenyewe, na wote mnakaa kulizunguka. Hapo tayari sikuwa na raha. Mimi, meza moja na mkwe mtarajiwa, magoti yanagusana? Nikajikaza, nikasema nitakunywa maji tu, watajua nimeshiba. Wapi. Yule kijana akachoma, akakata kwa mkasi, akachukua jani la saladi, akaweka nyama na kitunguu saumu, akalifunga vizuri kama kifurushi. Halafu akanyoosha mkono wake, na mkono wa pili ameukinga chini, akanisogezea mdomoni. Mdomoni mwangu, Baba Salome. Mkwe anilishe.

Wewe unaelewa. Wewe uliyejitupa nyuma ya mihogo kule Tabora ulipomwona mama yangu anakuja na ndoo kichwani, ukatoka na mchanga masikioni, na hukuwahi kutia tonge mbele yake mpaka mlipompelekea kitambaa chake cha mbeleko. Lakini Salome nani alimwambia hayo? Norsborg mkwe angetokea wapi nimfundishe? Mimi nikainuka. Niligeuza uso ukutani, nikachukua koti, nikatoka nje. Nikasimama kwenye baridi na taa zao za rangi zote, mpaka Salome akanifuata.

Tukapanda zile ngazi. Tumefika chumbani, amenitandikia, amezima taa, ndipo akasema, kwa Kiswidi, maana mambo mazito anayasema kwa Kiswidi. Alisema Jihun anadhani namchukia. Kwamba kule kumfungia mtu jani na kumlisha ni kumwambia wewe ni wangu, na mimi nimemkimbia mbele ya watu kwa sababu si mtu wa kwetu. Nikaanza kumweleza habari za mkwe na heshima. Akaniuliza jambo moja tu: "Mamma, ni mila, au hutaki nibaki huku?"

 Nikajifanya nimelala. Wewe nakujibu: ilikuwa mila, na ndani ya mila kulikuwa na hilo lingine. Nilipoona ule mkono unakuja niliona kabisa kwamba nikila, basi. Huyu mtoto ndiyo harudi tena Norsborg, na mimi ndiyo nimebaki na kopo la sukari.

Asubuhi akaenda kazini. Nikakaa. Nikachoka kukaa. Nikavaa viatu nikatoka peke yangu, mimi ambaye Stockholm yenyewe naijua ya kwenda kazini na kurudi. Nikashuka ngazi, nikafuata mahali watu wengi walikokuwa wanaelekea, na kwa kuuliza kwa vidole nikatokea Itaewon. Mtaa huo una msikiti juu kilimani, na chini yake kila taifa la Mungu. Nikasikia Kilingala, nikasikia Kiingereza cha Wanaijeria, nikaona mwanamke amefunga kilemba. Nikaingia dukani kwake. Akaniita Mama kabla sijasema kitu, na nikuambie kweli, machozi yalinitoka mbele ya mafuta ya mawese. Alikuwa na unga mweupe wa mahindi. Nikajua la kufanya. Nikarudi kwa njia nyingine kabisa, nikapotea mara kadhaa, nikafika.

Salome alipotoka kazini alikuta ugali na kuku wa kuchemsha. Nikamwambia mpigie mwenzako aje ale. Akaniuliza utakaa wapi, chumba ni hiki kimoja. Nikamwambia hilo niachie.

Basi Jihun alipofika nikamwekea sahani yake mezani, na mimi nikachukua yangu nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, mlango wazi, mgongo wangu kwao. Na koti, maana baridi. Tukala hivyo. Nikamwambia Salome amfasirie, nikasema bila kugeuka: kwetu mama mkwe anayejiheshimu anakaa hivi. Sikukuchukia, Jihun. Ningekuchukia nisingekusongea ugali. Mkwe halishi mama wa binti mpaka amletee mbeleko, kitambaa cha kumshukuru kwa mgongo uliombeba huyo anayemchukua. Siku hiyo ikifika tutakaa meza moja, na jani lako nitalila.

 Nikasikia sahani inasogezwa. Kisha akaongea kirefu, na Salome akafasiri. Alisema kitambaa hicho anakijua. Kwamba kwao pia akina mama wa zamani waliwabeba watoto mgongoni, wakiwafunga kwa kitambaa kipana chenye kamba, na mama yake, ambaye ni mjane kama mimi, bado anakitunza alichombebea yeye. Akauliza kama kinachotakiwa ni kipya, au mama yake anaweza kuja nacho hicho hicho akatoa na kingine kipya juu yake.

Nikarudisha tonge kwenye sahani. Mji uko chini pale, umewashwa wote. Nikamwambia aje navyo vyote viwili. Na hapo ndipo nilipomtoa mwanangu, Baba Salome, nikiwa nimekipa chumba mgongo. Hakuna aliyeuona uso wangu. Ulikuwepo wewe tu, kama ulikuwepo.

Sasa nimesharudi. Nimewatangazia kanisani mara mbili, ya pili kwa waliokuwa wamechelewa ibada. Mama Chantal anacheka kila tukikutana kwenye lifti, "Mama Salome, huyo mkwe atakula ugali kwa vijiti?" Namwambia atakula kwa mkono, Salome kanisimulia, na anamega tonge kuliko mwanao. Halafu napanda juu, nafunga mlango, na ni kimya. Sikufichi. Nina furaha na nalia, vyote mchana mmoja. Atabaki kule. Nilikuwa natamani uniambie kwamba ni sawa, lakini nimekwishaona kwamba nitajiambia mwenyewe.

Mdogo wako Elia alisema mbeleko ataipokea yeye kwa niaba yako. Nikamkatalia. Mgongo ulikuwa wangu, nitaipokea mimi.

Kwa hiyo lala, baba. Nakuahidi siku hiyo nitakaa nikitazamana naye, sitageukia ukuta, na akininyooshea mkono nitafungua mdomo na nitakula, hata kama najua nameza nini. Jihun na mama yake wanatua na Salome mapema wiki hiyo. Elia na mkewe, Mama Chantal na wanawe, kwaya yote, wenzangu wa zamu, nimewaambia wote: hapa Norsborg, Jumamosi ya mkesha wa Pentekoste, saa nane mchana.