Paka Aliyekula Firigisi

Mashimoni, Kibera

Mama yangu mpendwa,

Mulembe, Mayi. Natumaini goti lako limepoa na mahindi ya nyuma ya nyumba yamepata mvua. Nafula wangu ameng'oka meno ya mbele na sasa anaongea kwa miluzi kama babu yake. Mimi siumwi popote, kwa hiyo ukiulizwa sema niko sawa. Ukweli nakuandikia wewe peke yako.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Simu yangu inakaa mfukoni mwa Baba Nafula. Ukipiga, anaiweka sauti ya juu na kuketi hapo hapo, ndiyo maana huwa nakujibu "tuko sawa" mara nne kisha nanyamaza. Barua hii naiandikia Riruta Satellite, uani kwa watu ninaowafulia kila Jumamosi, nguo zao zikikauka kwenye kamba. Nekesa, jirani yangu, anakuja huko matangani kwa shangazi yake. Ameapa ataiweka mkononi mwako, si kwa Baba wala kwa kaka Wafula.

Mwaka jana nilikuwa nikimaliza kufua napitia Kawangware. Kuna ukumbi wa kanisa ambapo mama mmoja, Mwalimu Rispa, anafundisha wanawake bure. Nilidhani ni ushonaji. Kumbe ni nadharia ya ufeministi! Usiogope jina, Mama, hata mimi lilinishinda kutamka.

Siku ya kwanza alituuliza fikra hizi zilitoka wapi. Mama mmoja akajibu upesi, "Kwa wazungu, mwalimu. Hao hawana kazi." Tukacheka. Rispa akasema ni kweli kwa sehemu. Zamani huko Ulaya wanaume walipokuwa wakitangaza kwamba watu wote huzaliwa huru, wanawake wengine waliuliza, na sisi je? Wakati huo mke hakuwa na chake, hata mshahara wake ulikuwa wa mume. Wakadai shule, wakadai kura. Baadaye wanawake weusi, wajukuu wa watumwa, wakawaambia wenzao: nyinyi mnaomba kutoka nje mkafanye kazi, sisi hatujawahi kuachwa tukae chini. Na huku kwetu, akasema, wanawake walikuwa wakiuliza kabla jina halijaletwa. "Lengo si kumkalia mwanaume. Ni mtu asipangiwe maisha yake yote kwa sababu ya vile alizaliwa."

Kisha akatupa karatasi, kila mmoja aandike mahali ambapo hakuna anayeweza kumwambia toka. Niliandika "Mashimoni" nikafuta. Nikaandika "kwetu" nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mama mmoja mzee wa kutoka upande wa ziwa akasema, "Mimi nimeandika kaburini." Jirani yake akamkata, "Wapi! Ukirudi kwenu umeachika, hata kaburi watakuchimbia nje ya fensi." Tulicheka sana, halafu kila mmoja akatazama karatasi yake.

Hapo nikakukumbuka, Mama. Nilikuwa na umri wa Nafula. Firigisi ni ya Baba, kila mtu alijua. Wewe ukaitoa kwenye sufuria, ukaipuliza, ukanitia mdomoni ukaniambia, "Tafuna haraka." Baba alipouliza ukamjibu paka amekula. Masikini yule paka, alikimbizwa na fimbo mpaka nyuma ya ghala! Nikainua mkono nikasema, "Mwalimu, kwetu ilianzia jikoni." Nilipowasimulia walikupigia makofi. Unajulikana Kawangware, Mama.

Nilikuwa na daftari. Nililificha kwenye mkebe wa unga, kwa kuwa ulinilea nikijua mwanaume hagusi vitu vya jikoni. Nikasahau kwamba Mashimoni jiko na kitanda vimetengwa na pazia tu. Baba Nafula alikuwa akitafuta kiberiti.

"Hii ni nini?"

"Ni vitu za church."

"Church gani inaandika 'sheria ya nyumba ilitungwa na mwenye nyumba'? Mnafunzwa kutuacha?"

"Hapana."

"Mimi nimewahi kukuchapa?"

"Hapana."

"Sasa shida yako ni gani?"

Swali hilo ndilo linaniumiza. Hajawahi kunipiga. Alichukua kitambulisho changu akasema hapa Mashimoni nyumba huungua kila mara, kitakaa salama kwenye karakana yake ya useremala. Kisha akachukua simu. Sasa Jumamosi ananileta mpaka getini na saa kumi anakuja kunichukua, kwa hiyo darasa limeisha. Siku nyingine zote akienda kazini anatufungia kwa kufuli kutoka nje, kwa sababu ya wezi. Majuzi Nafula aliniuliza, "Mama, kwani wezi ni sisi?" Nikisikia harufu ya moshi tu, mikono yangu inaenda kwenye vyuma vya dirisha. Majirani wananiambia nimebahatika, mume anajali. Naogopa, Mama. Naogopa hata kupumua kwa nguvu.

Nataka kurudi na Nafula. Najua binti aliyeolewa haruhusiwi kulala tena katika nyumba ya mama yake, na Wafula alishasema boma ni lake. Siombi shamba. Siombi nyumba. Naomba jiko lako, ulilolikandika kwa mikono yako na ambalo Baba hajawahi kuketi ndani yake. Sijasikia mila inayosema jiko ni la Wafula. Hapa ninapofua kuna geti la nyuma asilolijua Baba Nafula; ukikubali, Jumamosi nitamwomba mama ninayemfulia nije na Nafula, tutokee huko tuje kwako.

Usinijibu kwa barua. Piga simu Jumapili kama kawaida, yeye atakuwa anasikiliza. Kama jiko liko wazi, nipe habari za nyumbani halafu useme paka amekula firigisi. Kama haiwezekani, sema kuku wanataga. Nitajibu "tuko sawa", utajua nimesikia. Sitakulaumu, najua nawe umeishi ndani ya fensi hiyo hiyo.

Msalimie Baba, ila usimsomee. Msalimie kaka Wafula na watoto wake. Msalimie shangazi Naliaka aliyenifundisha kufua, mwambie mikono yangu imekuwa kama yake.

Ni mimi binti yako, niliyetafuna haraka,

Nasimiyu