Kaseti Iliyofukuza Ndege Ndithini

Baba,

Nimekukasirikia. Na kwa kuwa huwezi tena kuniambia ninywe chai kwanza ndipo niseme, nimekunywa chai mwenyewe na sasa nasema. Shida ni Ndolo. Najua ungetikisa kichwa na kuuliza, "Mumbua, wewe na Ndolo tena?" Ndiyo, mimi na Ndolo tena. Umelala kaburini kule nyumbani tangu mvua ndefu za mwaka jana, na bado huyo mwanafunzi wako ananitangulia kwako.

Nikupe habari za duka kwanza, maana ndizo ungeuliza. Bado liko palepale nyuma ya soko, na fundi sasa ni mimi. Wateja wanaingia, wananipita kwa macho, wanachungulia ndani na kuuliza, "Fundi ako wapi?" Nikisema fundi ni mimi, wananiambia, "Hapana, yule mzee." Wengine wakisikia kwamba haupo tena wanaketi kidogo, wanasema pole, halafu wanaondoka na redio yao chini ya kwapa. Sio wote. Wale wa kule Ekalakala wananiletea. Jirani yetu aliyekuwa akiuza mbegu sasa anauza vifuniko vya simu, na vijana wanaleta simu zilizoanguka kwenye maji wakidhani mimi ni daktari wa kila kitu chenye waya.

Mwezi uliopita nilimaliza ile redio kubwa ya mbao ya mwalimu mstaafu, ile uliyosema panya wamejenga ndani. Nilitia gundi karatasi ya spika, nikasafisha vitufe kwa spiriti, nikapaka mbao mafuta. Ilipoanza kuimba niligeuka nikuonyeshe. Niligeuka kabisa, Baba, mdomo wazi, bisibisi mkononi. Basi nikaangalia kiti chako, nikarudi kazini.

Hapo ndipo nilipoanza kuitafuta sauti yako.

Picha yako tunayo, ile ya kitambulisho tuliyoikuza kwa ajili ya mazishi, umekunja uso kama mtu anayedaiwa. Lakini sauti hakuna. Nilipekua duka zima. Nilicheza kila kaseti iliyo kwenye sanduku la chini. Ukiwazia, ni jambo la kushangaza, maana sauti za nusu ya Machakos zilipita mikononi mwako. Watu waliokuwa na jamaa mbali walikuja kwako kurekodi barua, mama wa Mombasa, mume wa Nakuru, mtoto aliyeenda ng'ambo. Uliwakalisha mbele ya ile redio nyeusi, ukabonyeza vile vitufe viwili vya kurekodi pamoja, ukatoka nje ukasimama mlangoni ukiwapa mgongo, ili mtu aseme ya moyoni bila kuona haya. Kwa hiyo hata kwenye barua za watu huwezi kusikika ukikohoa. Na kaseti zako mwenyewe ulizirekodi juu yake tena na tena, kwaya juu ya taarifa, taarifa juu ya kwaya. Mtu aliyehifadhi sauti za wote hakujiwekea hata salamu.

Ila kwa Ndolo.

Nilikumbuka nikiwa naosha vyombo. Alipoenda Garissa kufungua kibanda chake cha redio, na hakukuwa na simu wakati huo, alikuandikia kwamba kuna mashine zinamshinda. Wewe, badala ya kumjibu kwa kalamu, ukamrekodia. Ulifunga mlango wa duka mchana wa Jumapili, ukaketi mbele ya redio nyeusi, ukaninyooshea kidole ninyamaze, ukaanza, "Ndolo, mwana wakwa."

Mwana wakwa. Mtoto wangu. Nilikuwa nimekaa karibu nawe kiasi kwamba kiwiko chako kilinigusa, nami ndiye mtoto, nami nimeziba mdomo kwa kiganja. Mimi hukuwahi kuniita hivyo. Mimi nilikuwa Mumbua, au "wewe," na siku umefurahi sana na kazi yangu uliniambia, "Leta ingine."

Nilimpigia simu. Siku hizi yuko Athi River, kwenye kiwanda, redio ameziacha. Hiyo pia iliniuma. Ulimpa yote yale kwa sauti tamu, naye akaenda kuvaa ovaroli ya watu. Akaniambia, "Aki Mumbua, hizo kaseti niliachia mwaitu huko Ndithini. Ziko tu, hakuna mtu anagusa."

Nikaenda Ndithini kwa huyo mwaitu, mama yake. Unamkumbuka Mama Ndolo, yule asiyekaa chini mgeni akiwa amesimama? Alinipokea vizuri, akanipa uji, akaniuliza kama nimeolewa, akajijibu mwenyewe. Nikamuuliza kuhusu kaseti. Akaninyooshea mkono kuelekea shambani.

Baba, alikuwa amezifungua zote. Utepe ulikuwa umevutwa kutoka mti hadi mti juu ya mtama, huku na huku, shamba zima, ukimetameta kwenye jua na kuvuma kwa upepo. Wewe mwenyewe uliwahi kuwapa watu tepu zilizoharibika wafukuzie ndege, kwa hiyo hata kumlaumu siwezi. "Redio ya Ndolo iliharibika," akaniambia, "na ndege haingojangi mtu. Nikaona hizo tepu zinakaa bure. Angalia vile mtama iko mzuri!" Alikuwa anajivunia. Na kweli mtama ulikuwa mzuri.

Nilisimama pale nikiusikiliza ule uvumi, nikawaonea wivu hata ndege. Ndege wa Ndithini walikuwa wamesikia kitu chako msimu mzima, na mimi nilikuwa Machakos nikichezesha kwaya.

Tuliukusanya pamoja. Nilichukua gunzi la hindi nikawa nazungushia utepe polepole, Mama Ndolo akiinua kutoka upande ule ili usishike kwenye mashuke, akiniuliza kila baada ya hatua mbili tatu mtama wake utabaki na askari gani. Nilimwahidi mfuko wa tepu mbovu kutoka dukani, na nimeshampelekea. Sehemu kubwa ilikuwa imekatikakatika. Mstari mmoja tu, ule uliopita chini ya mwarobaini kwenye kivuli, ulitoka mzima. Nikarudi na gunzi langu kwenye kikapu kama mtu aliyebeba mayai.

Kazi niliyofanya hapo ungeipenda. Nasema hivyo kwa sababu wewe hukuwa wa kusema. Niliufuta utepe kipande kwa kipande kwa kitambaa laini chenye unyevu, vumbi, kinyesi cha ndege, utomvu. Niliukausha kivulini. Kila mahali ulipojisokota niliunyoosha kati ya vidole hadi upande wa kahawia ukatazama nje. Palipokatika mikononi mwangu niliunga, lakini sikutumia selotepu, maana gundi yake hutoka na kunata kwenye hedi inayosoma utepe. Kisha nikafungua ganda la kaseti nyingine, lile la skrubu, nikautia ndani na kuuvuta kwa kalamu.

Mara ya kwanza niliutia kinyume. Ukaanza kuongea nyuma mbele, maneno yote yamepinduka, na bado nilikujua. Nilikujua kwa ile pumzi unayovuta kabla ya kusema jambo. Nikazima haraka, nikageuza utepe, nikajaribu tena kidogo tu. Ukasema, "Ndolo, mwana wakwa." Ya kwanza kabisa. Nimekutafuta kote, na neno la kwanza unaloniambia ni jina la mtu mwingine.

Nililia, halafu nikatukana. Samahani. Jirani alidhani nimepigwa na stima.

Nilipofungua kusafisha hedi nikakuta unga wa kahawia. Unajua maana yake kuliko mimi. Jua na mvua zimelegeza ule unga wenye sauti, na kila utepe unapopita unaacha kitu. Hii kaseti itacheza mara moja tu kwa ukamilifu wake. Mara hiyohiyo ndiyo lazima irekodiwe kwenye kaseti mpya, na kitakachoingia ndicho kitakachobaki cha sauti yako duniani.

Na hapa, Baba, ndipo wivu wangu ulipopata kazi ya kufanya. Ninayo redio ya kaseti mbili. Kaseti ya zamani upande huu, mpya upande ule, na katikati kuna kitufe cha kusimamisha. Najua kila unapolitaja jina lake, maana nilikuwepo. Nikaona ninaweza kukaa peke yangu, na kila unapofika kwenye "Ndolo, mwana wakwa," nisimamishe kurekodi, lipite, niachilie. Ningebaki na baba anayeongea bila kutaja mtu. Ningeweza kujifanya unaongea na mimi. Nilitayarisha kila kitu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

Ndipo Ndolo akaingia. Jumamosi, na ovaroli yake, amesikia kwa mama yake. Hakubisha. Alikalia kiti chako bila kuniuliza, kiti ambacho hata mimi sijakikalia tangu uondoke, akaiona kaseti ndani ya redio. "Hiyo ni yangu, Mumbua," akasema. "Jina langu liko ndani."

Nikamwambia jina lake lilikuwa likifukuza ndege.

Tukagombana, na sitakuandikia yote. Nilimwambia alipewa akaacha. Akaniambia kibanda kilivunjwa, hakuacha. Hilo sikulijua, na wewe kama ulijua hukuniambia. Akaniambia huko Garissa alikuwa akiicheza hiyo kaseti kila jioni akipika, kana kwamba kuna mtu nyumbani. Halafu akasema, "Wewe ulikuwa na yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa na kaseti tu."

Nikamwambia kaseti inarudishwa nyuma, mtu harudishwi. Akainamia redio.

Akaiona ile sufu. Unajua, kile kipande kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi, kikianguka sauti inakuwa kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Nilikuwa nimeweka kipya, cheusi. Ndolo akakiangalia, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii ni ya kofia. Hii ni ile njia ya Mzee. Nimetengeneza kaseti nyingi sana na hii."

Njia ya Mzee!

Baba, ile kofia ya sufu ya babu niliikata mimi. Mimi ndiye niliyefikiria, mimi ndiye niliyejaribu unene wake hadi ukakaa sawa, wewe ukiniambia niache kuchezea mali ya marehemu. Na Jumapili ile, na kiganja changu mdomoni, ulimwambia Ndolo, ukimweleza kofia hiyohiyo, "Nimepata njia." Nimepata. Nilikutazama. Hukunitazama. Nilitaka kusema, lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka, na wewe ndiye uliyenifunza kwamba taa hiyo ikiwaka mtu anafunga mdomo.

Nilimweleza Ndolo. Sijui kama alinisadiki. Alisugua kidevu akasema, "Hiyo hakusema." Kisha akaondoka kwenye kiti, akavuta kile kibao cha wateja, akaketi hapo. Tumekubaliana atarudi Jumapili baada ya kanisa, tuicheze pamoja, na tutengeneze nakala mbili.

Kwa hiyo nakuaga kwa leo, Baba, na ahadi yangu ni hii. Sitagusa kitufe cha kusimamisha. Utamwita mwana wakwa kila mara ulipomwita, na mimi nitakaa hapo nisikie, na itaniuma, na nitaiacha iume. Lakini sitarekodi kwa waya, kutoka kaseti hadi kaseti. Nitaiweka ile redio nyeusi mezani, nibonyeze vitufe viwili, nirekodi kwa kipaza sauti chake, chumba chote. Nasikia unavyogomba, kwamba kipaza kinaokota kila kitu, mbuzi wa sokoni, mlango wa jirani, mtu anayekohoa. Najua. Na ukifika pale unaposema umepata njia, sitaziba mdomo. Nitasema, "Ni mimi, Baba. Ile kofia ni mimi." Mtu yeyote atakayecheza kaseti hiyo atatusikia wote wawili, na wewe hutaweza kuninyooshea kidole.

Lala salama. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Mumbua, mwana waku