Wifi Bure Hapa

Mpendwa wifi yangu Rukia,

Najua hapo tu umeshakunja uso. "Wifi wa nani?" Nakusikia mpaka huku Mombasa. Haya, kunja, ukimaliza usome, kwa sababu simu zangu hupokei. Shangazi yako alipokuja huku kwenye harusi moja nilimpa salamu zako, akazifikisha, nawe badala ya kujibu ukamuuliza kama huku mvua imenyesha. Mvua! Nimechoka nawe, Rukia. Nimeamua kukuandikia waziwazi, kila mtu asome, na huko kwenu Mambrui hapakosi mtu wa kukuletea mpaka mlangoni.

Kwanza nakushitakia uwanja wetu. Ungeuona ungepotea. Pale tulipokuwa na benchi letu moja lenye mguu mbovu, sasa pana meza za mbao na miavuli myeupe, na jukwaa, na ratiba iliyobandikwa. Wenyewe wanayaita maonyesho ya Msimu wa Kaskazi. Eti watu waje wale, wanywe na wauone utamaduni, kila Ijumaa na Jumamosi baada ya Alasiri, mpaka joto lipungue. Kwani sisi zamani tulikuwa tukienda pale kufanya nini? Tulikuwa tukila, tukinywa, na tukisengenya. Utamaduni mwingine upi wanaoutaka?

Madafu wanayauza na mrija wa karatasi na ua limechomekwa ubavuni. Dafu, Rukia, limevishwa ua kama bibi harusi! Muuza kahawa ameambiwa asigonganishe vikombe vyake, eti anaharibu maikrofoni. Sasa anapita kimya na dele lake, watu hawajui kama amefika, na kahawa inapoa. Na wale wa ngoma ya kirumbizi wamepewa dakika tano. Dakika tano! Watu wenyewe walikuwa hawajamaliza kusalimiana kwa fimbo, yule mshereheshaji keshawapigia makofi ya kuwashusha. Nilimwita nikamwambia, "Mwanangu, hapo ndio kwanza walikuwa wanaanza." Akanicheka, akanambia ratiba ni ratiba.

Na kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba watu wanajaa. Pamekuwa pazuri. Watoto wanakimbia, wanawake wanakuja na majamvi yao, wazee wanaletewa viti, na kuna taa. Nimesimama hapo na karai langu la mafuta nikitafuta cha kulalamikia, nikikipata, mara namwona mtu anakula viazi vyangu huku anacheka, nakasirika upya kwa kukosa sababu.

Lakini hayo si yaliyonifanya nikuandikie. Lililonifanya ni ubao.

Waandaaji walinipa pahali pangu pale pale petu pa zamani, kando ya mlingoti. Nikafurahi. Siku ya pili nafika, naona wametundika ubao mkubwa juu ya kichwa changu, herufi nyekundu, na mshale umeelekea chini: WIFI BURE HAPA. Ni hii wifi ya simu, ya intaneti, najua, mimi si mjinga. Lakini mshale umenielekea mimi, Rukia! Mimi na mwiko wangu! Bi Mwanakombo, yule jirani yetu wa mkate wa kumimina, aliusoma kwa sauti, akanitazama, akausoma tena. Akasema, "Wallahi, kumbe na hawa nao wanajua." Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia astahi umri wake.

Kucheka kwake ndiko kulikonichoma. Kwa sababu ni kweli. Mimi ni wifi bure.

Unakumbuka nilivyokutoa nyumbani? Ulikuwa na mwaka mmoja tu kwa kaka yangu, umekaa kule ndani unahesabu vigae. Nikagonga nikakwambia, "Wifi, toka twende tukauze viazi, utaota kutu." Ukauliza kaka yangu atasema nini. Nikajipiga kifua: "Kaka niachie mimi." Maneno yangu hayo. Ukavaa buibui ukatoka, hukuuliza mara ya pili.

Tulikuwa na raha, usikatae. Mimi namenya, nachemsha, nachovya viazi kwenye rojo la unga wa manjano, natumbukiza kwenye mafuta. Wewe kazi yako ukwaju. Unaukamua, unauchuja, unatia pilipili na chumvi, halafu unanipa mgongo. Mgongo huo! Miaka mitatu nikiutazama. Nanyata, narefusha shingo, nakuzunguka, nawe unazunguka na bakuli. Ukigeuka tu, ukwaju umekuwa kitu kingine kabisa, watu wanalamba sahani. "Watia nini, wewe?" Nawe jibu lako moja: "Nitakwambia siku nitakayokuwa si wifi yako." Tunacheka, tunaendelea kuuza.

Kisha kaka akaanza. Mara chakula kimechelewa, mara rafiki zake wamekuona, mara mke wake anajianika uwanjani. Akapeleka mashitaka kwa wazee, wakakaa nyumbani kwa mama, nawe umekaa mkekani karibu na mlango, umejifunika. Ami Bakari, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyenigeukia. Akasema, "Aziza, wewe ndiye unayeshinda naye. Huko uwanjani kuna baya lolote?"

Nikamtazama kaka. Nikamtazama mama, ambaye alikuwa amenikazia macho. Nikasema, "Mimi sijui."

Maneno mawili. Mimi ambaye nikianza kusema siku nyingine hata mwadhini ananisubiri, siku ile nikapata mawili tu. Nikakufuata jikoni, ulikuwa unaosha vikombe vya wazee, na hukuninyanyulia hata kichwa. Ulisema, "Wajua, wifi. Wajua sana." Kaka akatoa talaka, eda ikaisha, ukafunga sanduku ukaenda kwenu. Lile karai letu ukaniachia. Bora ungenitupia.

Sasa mwaka wa nne huu nakaanga peke yangu. Ukwaju nimeujaribu kwa kila namna. Nimetia tende, nimetia sukari guru, nimetia embe kavu, nimetia tangawizi mpaka mtoto mmoja akalia. Nimekwenda Marikiti nikawauliza wauzaji wa viungo mmoja mmoja, "Rukia alikuwa akinunua nini kwako?" Wote wanakukingia kifua, ungedhani umewalisha kiapo. Mmoja akaniambia nikuulize mwenyewe. Nikamwambia kama angekuwa anapokea simu ningekuwa nimesimama hapa juani kwa nini?

Na wateja nao! Kila anayekuja, kabla hajaketi: "Mwenzio yu wapi?" Nawajibu, "Mimi sijui." Miaka minne nalisema neno lile lile, Rukia, na sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwangu mpaka Jumamosi iliyopita.

Jumamosi, jua limeanza kulegea, nani namwona? Kaka. Siku hizi wamehamia Tononoka, amekuja na mkewe mpya, wamekaa chini ya mwavuli, wameagiza madafu yale yenye maua. Mkewe masikini hana kosa, msichana ana adabu zake, alinyanyuka kunipa mkono. Lakini kaka! Yule yule ambaye mke wake alikuwa hawezi kujianika uwanjani! Yeye na mkewe na ua la dafu, hapo hapo, mbele ya watu wote, mguu juu ya mguu. Nikakaanga viazi nimeuma meno. Nikampelekea sahani. Akachovya, akatafuna, akasita. Akasema, "Aziza, huu ukwaju sio. Ule wa Rukia ulikuwa na kitu."

Ya Rabi.

Bi Mwanakombo, ambaye hajawahi kukosa nafasi, akadakia: "Kwani Rukia mwenyewe yu wapi siku hizi?"

Kinywa changu kikaanza chenyewe. "Mimi si..." Nikanyanyua macho, sijui kwa nini, nikauona ule ubao. Herufi nyekundu. Mshale. Nikasikia uso unanichoma, na haukuwa moto wa karai.

Nikasema, "Yuko kwao Mambrui. Na yuko huko kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani nikamwambia kaka niachie mimi. Kisha wazee waliponiuliza nikasema sijui. Nilikuwa najua. Hakuwa na baya lolote. Alikuwa akiuza viazi na mimi, na hapo alipotoka alikuwa akirudi kukupikia wewe, kaka."

Sasa bahati yangu: wale wa taarabu walikuwa wanakaza nyuzi, muziki umekatika, na mimi sauti yangu unaijua. Uwanja mzima ulisikia. Mpaka yule mshereheshaji aligeuka, na safari hii hakutaja ratiba.

Kaka akaweka sahani chini. "Aziza, haya ni maneno ya kusemwa uwanjani?" Nikamwambia, "Ndiyo. Ni kwa uwanja huu huu ulimtia aibu." Akamshika mkewe mkono wakaondoka, dafu nusu. Hajanisalimia mpaka leo. Mama naye ameninunia, ananipitishia chai kwa mkono wa jirani. Na waninunie! Mimi nimelala usingizi siku ile ambao sijaulala miaka minne.

Najua nimechelewa. Usinifanyie hesabu ya siku, nimeshajifanyia. Ulipohitaji neno langu nilikuwa nalo mdomoni nikalimeza, na kulisema leo hakukurudishii kitu. Ulikuwa na haki ya kutopokea simu. Naumia, nakukasirikia, lakini haki unayo.

Sikuandikii urudi kwa kaka. Aka! Huyo hata mimi simtaki kwa sasa. Nakuandikia kuhusu ile ahadi yako. Ulisema utaniambia unachotia kwenye ukwaju siku utakayokuwa si wifi yangu. Talaka imepita, eda imepita, mwaka wa nne huu, na hujaniambia. Kwa hivyo mimi nafahamu nini? Basi chagua mwenyewe. Kama mambo yetu yamekwisha, pokea simu unitajie hicho kitu, nami kuanzia hapo nitakuita Rukia tu, na sitakusumbua tena. Na kama huwezi kunitajia, njoo utie mwenyewe, unipe huo mgongo wako.

Juzi waandaaji walikuja kuniomba radhi, wamesikia nachekwa, wakataka kuuhamishia ubao upande wa pili. Nimewakatalia. Nimewaambia wauache hapo hapo na mshale wake, kuna mtu anaweza kuja kutoka mbali kunitafuta, na uwanja umebadilika, nisingependa apotee.

Nakusubiri, na nimekasirika,

Wifi bure, hapa.